Mikoriza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Habari za kazi ndugu zangu. Maswali haya yanarudi kila msimu wa kujaza viriba ukifika, kuanzia Mafinga, Njombe, Makete mpaka Tukuyu, na mengi yanatokana na hilo neno moja "mikoriza" ambalo kila mtu analitumia kivyake. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida mpaka yale ya kuumiza kichwa. Kama jibu limeshatolewa sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Mikoriza ni kitu gani hasa?

Ni ushirikiano kati ya mizizi ya mmea na fangasi wa udongoni. Fangasi anaingia kwenye mzizi au anauzungushia, alafu anatoa nyuzi nyembamba sana zinazosambaa udongoni mbali kuliko mizizi yenyewe inavyoweza kufika. Nyuzi zinaleta maji na virutubisho, hasa fosforasi, na mmea unamlipa fangasi kwa sukari na mafuta uliyotengeneza kwa jua. Hapo hakuna ugonjwa wala kupe, wote wawili wanafaidika.

Kwa hiyo mikoriza sio jina la fangasi fulani na sio jina la mzizi peke yake, ni hali ya hao wawili kuwa pamoja. Ukishalielewa hilo maswali mengi ya huko chini yanajijibu yenyewe.

Mbona kwenye kitalu wanasema mikoriza ni udongo, na dukani wanasema ni unga wa kwenye paketi?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyana. Mtu wa kitalu cha paini akikwambia "weka mikoriza" anamaanisha ule udongo mweusi unaochotwa chini ya paini zilizokomaa, wenye nyuzi na spora (vijimbegu vidogo sana) za fangasi ndani yake. Muuza pembejeo anamaanisha bidhaa yenye spora zilizokaushwa. Mwalimu wa baiolojia anamaanisha ule ushirikiano wenyewe. Wote wanaeleweka wakiwa kwenye mazingira yao, shida inakuja pale mtu wa parachichi anaposikia habari ya udongo wa paini akaenda kuufuata kwenye msitu wa kupandwa wa Sao Hill akaweke kwenye miche yake. Hautamsaidia, na sababu iko kwenye swali la aina za mikoriza.

Ushauri wangu, ukiwa unaongea na mtu sema kabisa "udongo wa mikoriza", "fangasi wa mikoriza" au "mizizi yenye mikoriza", mtaelewana haraka.

Nani alileta hilo neno?

Mjerumani Albert Bernhard Frank, mwaka 1885. Alikuwa amepewa kazi ya kuchunguza kama ule uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi huko Ulaya unaweza kulimwa, akaishia kuona kwamba mizizi ya miti imefunikwa na fangasi na miti yenyewe iko salama tu. Jina alilitoa kwenye Kigiriki, uyoga na mzizi. Wenzake wengi walimbishia kwa sababu kipindi kile fangasi kwenye mzizi maana yake ilikuwa ugonjwa.

Ila kitu chenyewe ni cha zamani mno. Kuna mabaki ya mimea yaliyogeuka jiwe huko Scotland, yana umri wa miaka kama milioni 400, na ndani yake fangasi wa aina hii wanaonekana.

Ni sawa na vile vinundu vya kwenye mizizi ya maharage?

Hapana. Vinundu vya maharage, soya na njegere vinatengenezwa na bakteria wanaoitwa rizobia, na kazi yao ni kukamata naitrojeni ya hewani. Mikoriza ni fangasi na kazi yake kubwa kwenye mazao yetu ni fosforasi. Maharage yanakuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na miwati pia. Kwahiyo ukiona vinundu usiseme umeona mikoriza, na usipoviona usiseme haipo.

Ziko aina ngapi?

Kwa matumizi ya huku kwetu elewa tatu.

Ya kwanza ni ya ndani, wataalamu wanaiita mikoriza ya arbuskula. Fangasi anaingia mpaka ndani ya seli za mzizi na kutengeneza vitawi vidogo sana ambako ndiko mabadilishano yanafanyika. Hii ndio ya mazao karibu yote: mahindi, maharage, viazi mviringo, kahawa, chai, migomba, parachichi. Kwa macho huioni kabisa.

Ya pili ni ya nje, ektomikoriza. Fangasi anaivalisha ncha za mizizi kama soksi na kupita katikati ya seli bila kuingia ndani yake. Ni asilimia kama 2 tu ya aina za mimea yote duniani, lakini ndani ya hizo 2 kuna paini, milingoti, na miti ya miombo kama miyombo yenyewe na mikusu. Yaani misitu mikubwa tunayoiona huku, ya kupandwa na ya asili, inasimama juu ya hii.

Ya tatu ni ya okidi, nimeieleza kwenye swali la Kitulo. Zipo na nyingine, mfano za jamii ya Erica za milimani, ila hazitusumbui hapa.

Fangasi wa aina moja hawafanyi kazi ya aina nyingine. Ndio maana udongo wa paini hausaidii parachichi wala mahindi.

## Inavyofanya kazi

Kwanini watu wanasema ni muhimu zaidi kwenye udongo wetu?

Kwa sababu ya fosforasi. Udongo mwekundu wa Mufindi na Iringa umejaa chuma na aluminiamu, na ule wa volkano wa Rungwe nao una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu sana. Unaweka mbolea, sehemu kubwa inashikwa na udongo, mmea unabaki na njaa wakati fosforasi ipo pale pale sentimita chache tu kutoka kwenye mzizi.

Fosforasi haitembei udongoni kama naitrojeni inavyotembea na maji. Mzizi ukishamaliza ile iliyoko jirani yake, pale pembeni panabaki patupu na mzizi lazima urefuke kufuata nyingine. Nyuzi za fangasi ni nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi, zinapenya kwenye nafasi ambazo mzizi haupiti, zinavuka lile eneo tupu na kuchota mbele. Parachichi ndio inategemea zaidi kwa sababu mizizi yake haina vinyweleo vya maana, na watu wa Njombe na Rungwe waliopanda Hass nyingi wangelijua hili wangehangaika na udongo kabla ya kuhangaika na booster za majani.

Mmea unalipa bei gani?

Sio bure. Vipimo vinaonyesha mmea unaweza kutoa mpaka asilimia 20 hivi ya chakula unachotengeneza, ingawa mara nyingi ni chini ya hapo. Mwaka 2017 wanasayansi walionyesha kwamba fangasi wa aina ya ndani wanategemea hata mafuta kutoka kwa mmea, hawawezi kujitengenezea wenyewe. Ndio maana huwezi kuwafuga kwenye chupa bila mzizi ulio hai, na ndio maana bidhaa zake ni ghali. Na ndio maana pia mmea ukiwa umeshiba fosforasi unapunguza kuwalipa, nenda swali la DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi.

Kuna mazao ambayo hayana mikoriza?

Ndiyo, na watu wanapoteza hela hapa. Jamii yote ya kabichi, yaani kabichi, chainizi, sukuma wiki, figili. Jamii ya mchicha, ikiwemo spinachi na bitiruti. Makadamia nayo ni ya jamii ambayo kwa sehemu kubwa haitumii mikoriza, ina mbinu yake ya kuotesha vishungi vya mizizi midogo midogo inayotoa asidi ya kuilegeza fosforasi. Mtu akikuuzia unga wa mikoriza kwa ajili ya kabichi, hajui anachouza.

## Paini na vitalu

Kwanini paini hazikui bila udongo wa mikoriza?

Kwa sababu paini sio mti wa kwetu. Hii Pinus patula iliyojaa Sao Hill asili yake ni Mexico, na mbegu ikija inakuja peke yake, fangasi wake anabaki alikotoka. Fangasi wa miombo hawaelewani nayo. Sehemu nyingi za kitropiki walipojaribu paini mara ya kwanza miche ilidumaa ikawa ya njano mpaka ikafa, na mbolea haikusaidia. Kisiwa cha Puerto Rico walihangaika muda mrefu, mpaka miaka ya 1950 walipoleta udongo kutoka kwenye msitu wa paini wa Marekani bara, miche ikageuka kijani na kupanda juu.

Kwa sasa Mufindi paini zimekaa miaka mingi, upepo umeshasambaza spora, kwahiyo kitalu kilicho jirani na msitu kinaweza kupata fangasi chenyewe bila wewe kujua. Ila ukienda kuanzisha kitalu sehemu ambayo haijawahi kuwa na paini, usithubutu kuanza bila huo udongo.

Nautoaje na naweka kiasi gani?

Chagua paini zilizokomaa na zenye afya. Ondoa zile sindano kavu za juu, chota tabaka la juu la udongo, sentimita kama 10 hivi, lile lenye nyuzi nyeupe nyeupe na vijizizi vingi. Omba ruhusa kwa mwenye msitu, hata kama ni wa serikali, wapo wanaokamatwa kwa kujichotea tu. Funika usipigwe na jua, usiukaushe, usiukaange wala kuuchemsha, tumia mapema.

Kwenye viriba sehemu moja ya huo udongo kwa tisa za mchanganyiko mwingine inatosha kabisa kwa kuanzia, wengine wanazidisha. Kuzidisha sana hakuna faida kwa sababu udongo wa msituni unaweza kuja na magonjwa ya kuozesha miche pia, na hii ndio sababu ya kuchota chini ya miti yenye afya tu. Ukishakuwa na kitalu chako, acha miche kadhaa ikue pale pembeni iwe mbegu ya udongo kwa msimu unaofuata.

Nitajuaje kama miche imepata?

Ukiwa na tuta lenye miche ya umri mmoja na unaona mabaka, hapa kijani imenyooka, pale njano au zambarau imedumaa, mara nyingi hao wa kijani wameshapata fangasi na wengine bado. Ng'oa mmoja taratibu, osha mizizi kwa maji, angalia ncha. Ncha fupi nene zilizogawanyika mara mbili kama manati, zenye rangi nyeupe au kahawia, ndio yenyewe. Mizizi mirefu myembamba mitupu, bado.

Hii ni kwa paini tu. Kwa mahindi au parachichi lazima mizizi ichemshwe kwenye dawa, ipakwe rangi alafu iangaliwe kwa hadubini, huo ni mkono wa maabara. Ukitaka kuanzia mahali, ulizia TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kuhusu vipimo vya udongo.

Udongo wa paini unafaa kwenye milingoti?

Hapana. Fangasi wengi wa paini ni wa jamii ya paini tu. Milingoti nayo ina mikoriza, ikiwa michanga inatumia hata ile ya ndani na ikikua inahamia zaidi kwenye ya nje, lakini na fangasi wake. Chukua udongo chini ya milingoti.

Na migomba ya maabara?

Swali zuri. Migomba ya tishu kalcha inatoka kwenye chupa haina kiumbe chochote kwenye mizizi, ndio faida yake dhidi ya magonjwa na ndio udhaifu wake. Wakati wa kuikomaza kwenye viriba ndio wakati mzuri kabisa wa kuiwekea fangasi wa aina ya ndani.

## Shambani

Ninunue mikoriza ya paketi?

Kwa shamba la kawaida lenye udongo hai, mi nakwambia subiri kwanza. Fangasi wa aina ya ndani wapo karibu kila udongo wenye majani yanayoota, na hao wa kwako wameshazoea hali ya hewa na tindikali ya pale. Matokeo ya kuweka wa kununua yanatofautiana sana, saa nyingine yanaonekana, saa nyingine hakuna kitu. Panapoeleweka ni kwenye viriba vya udongo uliochomwa au kuchemshwa, miche ya maabara, na ardhi iliyochunwa udongo wa juu kama kwenye machimbo.

Ukiamua kununua angalia jina la fangasi limeandikwa, tarehe ya kuisha, na ilitunzwa wapi, maana spora zikikaa kwenye jua dukani zinakufa. Na iguse mzizi. Kumwaga juu ya ardhi au kupulizia majani ni kutupa hela. Kabla hujaimwaga shamba zima jaribu kwenye mistari michache, mingine iache bila, uone mwenyewe.

DAP inaua mikoriza?

Haiui moja kwa moja, ila fosforasi ikiwa nyingi mmea wenyewe unafunga mlango, haumlipi tena mtu wa kuleta kitu ambacho upo nacho tele. Fangasi wanapungua mizizini. Sasa usinielewe vibaya ukaacha mbolea, kwenye udongo uliochoka mikoriza haiwezi kutoa fosforasi ambayo haipo. Pima udongo, weka kinachohitajika, na kama umezoea kurundika mwaka hadi mwaka bila kupima, hapo ndipo unapojiumiza mara mbili, kwa hela na kwa fangasi.

Kulima sana na kuchoma moto kuna madhara?

Ndiyo kwa vyote viwili. Ule mtandao wa nyuzi udongoni mmea mchanga unajiunga nao tu ukishaota, anakuta barabara zipo. Ukilima kwa kugeuza udongo unaukata vipande, na majaribio ya mahindi yameonyesha miche ya kwenye shamba lisilotifuliwa inapata fosforasi mapema zaidi.

Moto unapasha tabaka la juu ambako ndiko spora nyingi zilipo. Tabia ya kuchoma mabua na majani kila Septemba Oktoba kabla ya mvua, naomba tuiache, inaniuma kila nikipita njia ya Makambako nikiona moshi. Na shamba kubaki wazi muda mrefu bila mmea wowote nalo ni tatizo, fangasi hawa wanaishi kwa mizizi iliyo hai, hamna mizizi hamna chakula.

Nikipanda mahindi baada ya kabichi inakuwaje?

Kabichi haiwalishi fangasi (angalia mazao yasiyo na mikoriza), kwahiyo msimu mzima wamekaa njaa. Mahindi yanayofuata yanaweza kuanza kwa kusuasua, rangi ya zambarau kwenye majani machanga. Mara nyingi yanajirudi baadaye. Kwa watu wa Uyole na Igurusi wanaozungusha mboga, weka maharage katikati, au chomeka mahindi pembezoni.

Dawa za ukungu je?

Inategemea dawa. Benomili inawapiga kabisa, mpaka watafiti wanaitumia makusudi wakitaka kuondoa mikoriza kwenye majaribio. Metalaksili inayotumika kwenye baka la viazi inalenga kundi jingine la viumbe ambao sio fangasi wa kweli, haina shida kubwa kwa mikoriza. Kanuni yangu ni kutomwagia udongoni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya majani.

## Uyoga na maua

Uyoga wa porini unahusiana na mikoriza?

Baadhi. Ule wa rangi ya njano au chungwa unaouzwa kwenye ndoo barabarani Iringa mvua zikianza, mwingi ni tunda la fangasi wanaoishi na miti ya miombo. Ndio maana hakuna anayeulima: bila mti hauoti. Ukikata miombo kwa mkaa, uyoga umeukata na wenyewe. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine, ule unaishi na mchwa. Na uyoga wa mamama unaokuzwa kwenye mifuko unakula mabua yaliyokufa, hauhitaji mzizi wa mtu.

Tahadhari moja: kuna uyoga mwekundu wenye madoa meupe ambao sehemu nyingi duniani umefuatana na paini. Ni sumu, watoto waambiwe.

Kinaka na okidi za Kitulo zinaingiaje hapa?

Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Inapodondoka haiwezi kuota mpaka fangasi aingie ndani yake na kuilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hili mwaka 1899. Kwa hiyo okidi inaanza maisha kwa kulishwa na fangasi, inakuja kujitegemea baadaye ikishatoa majani.

Sasa fikiria Kitulo, Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005 na aina kama 45 za okidi. Viazi vya okidi za chini vinachimbwa, vinapikwa na karanga kuwa kinaka, na vingi vinavuka Tunduma kwenda Zambia wanakoita chikanda. Mchimbaji anachukua kile kiazi kipya kilichonona, na hicho ndicho kingekuwa mmea wa mwaka unaofuata. Watu wanauliza kwanini tusilime tu kama viazi mviringo, jibu ndio hilo, unatakiwa umlime na fangasi wake. Inawezekana maabara ila sio kazi ya jembe. Okidi zote biashara yake ya kuvuka mpaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini.

## Maswali magumu

Nimesikia kiduha kinahusiana na mikoriza, ni kweli?

Ni kweli na kwangu hii ndio habari ya kushangaza kuliko zote. Kiduha ni lile gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mpunga na kuinyonya. Mmea ukikosa fosforasi mizizi inatoa kemikali zinazoitwa strigolaktoni. Mwaka 1966 zilitambuliwa kama kitu kinachoamsha mbegu za kiduha, watu wakajiuliza kwanini mmea utoe kitu cha kumwita adui yake. Jibu lilikuja 2005: zile kemikali ni wito kwa fangasi wa mikoriza, zikimfikia anachanua nyuzi kuelekea mzizini. Kiduha kimejifunza kusikiliza wito usio wake.

Kwa watu wa Kyela wenye mpunga wa nchi kavu hii ina maana ya moja kwa moja. Udongo uliochoka unafanya mmea uite kwa nguvu, na kiduha kinaamka kwa wingi. Mmea uliopata fosforasi, au ulioshakamatana na fangasi wake, unapunguza kuita. Mbolea na mboji vinasaidia dhidi ya kiduha, ingawa kung'oa kabla hakijatoa maua bado ni lazima.

Miti inaongea na kulishana kupitia mikoriza?

Punguza kidogo. Suzanne Simard wa Canada mwaka 1997 alionyesha kaboni ikihama kati ya miti ya aina mbili msituni, habari ikasambaa. Mwaka 2023 wanasayansi wengine wa fani hiyo hiyo walipitia ushahidi wakasema madai mengi ya miti mama kulisha watoto wake yamevuka kilichopimwa. Kwamba fangasi mmoja anaweza kushika mizizi ya miti zaidi ya mmoja, hilo ni sawa.

Kuna mimea inayoishi kwa kumwibia fangasi?

Ipo, haina kijani kabisa, inachukua sukari kwa fangasi ambaye ameipata kwa mti mwingine. Mmoja uligunduliwa hapa hapa jirani, Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, ukaitwa Kihansia. Ni mdogo sana, unakaa kwenye majani yaliyooza kivulini.

Nimeona utando mweupe kwenye mizizi ya chai, hiyo ni mikoriza?

Hapana, na hili usilichelewe. Mikoriza ya chai haionekani kwa macho. Utando mweupe chini ya gome la mzizi au la shina pale chini, wenye harufu ya uyoga, na kichaka kinanyauka, hiyo ni Amilaria, fangasi anayeua. Anaanzia sana kwenye visiki vya miti ya zamani iliyoachwa ardhini. Ng'oa kichaka na mizizi yote, toa kisiki kilichopo karibu, choma nje ya shamba, na angalia vichaka vya jirani kila upande kabla hujapanda kingine pale.